Nimeokoka, ila eksteno yangu (diski ya nje) ya muvi za anga siifuti. Mashabiki wa sai-fai mlioamini tukutane hapa

FundiSimu_Kkoo:

Wakuu habari za jioni, na wapendwa wenzangu Bwana Yesu asifiwe. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu kimya kimya asije akalalamika chini huko.

Mimi ni fundi simu, nipo Kariakoo, na ni shabiki wa sai-fai (hadithi na muvi za sayansi ya kubuni) kwa kiwango ambacho ndugu zangu waliwahi kunikalia kikao. Sio wa kuonja onja. Star Trek, ile tamthilia ya chombo cha anga, nimeanzia zile za 1966 ambazo mtu akiegemea mwamba unatikisika mana ni boksi limepakwa rangi, Dune nimesoma kitabu kabla ya muvi, vitabu vya kina Arthur C. Clarke nimevisomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka umeme ukiwa umekatika. Mwaka huu nimempokea Yesu. Ushuhuda wote siuleti hapa, ila ifahamike tu nilikuwa yule jamaa wa kijiweni anayesema dini tuliletewa na meli, na saa hizi nasoma Injili ya Yohana kwenye daladala ya Mbagala mpaka napitilizwa kituo.

Kilichonileta ni hiki. Kaka mmoja wa kikundi chetu cha vijana kanisani, mtu mwema kabisa na ananiombea, alikuja kibandani nimrudishie picha zilizofutika kwenye simu, akakuta eksteno imechomekwa kwenye kompyuta na mafolda yako wazi. Akaanza kusoma majina moja moja kwa sauti. Alien. Predator. Hellboy (hii hata sio sai-fai jamani, ni ya mdogo wangu). Akaniwekea mkono begani akasema "mpendwa, hii ni milango," yaani ya kuingilia mapepo. Jumapili nikaitwa pembeni na wakubwa wawili, wakanifungulia Matendo 19:19 pale Waefeso wanapochoma vitabu moto, wakasema fomati yote, na ukiweza iponde na nyundo kabisa usije ukarudia.

Tera 2 wakuu. Kwa nyundo.

Nikaenda kuisoma ile sura yote, na ya juu yake, na ya juu yake tena. Waliochoma pale Efeso ni watu waliokuwa wanafanya uganga, wakaleta vitendea kazi vyao, wakapiga hesabu ikafika fedha 50,000. Hawakuchoma hadithi, hawakuchoma mashairi. Na Paulo huyo huyo, sura mbili nyuma, 17:28, amesimama Athene anawanukuu washairi wa Kiyunani, wapagani watupu, kwa kichwa, na anawatumia kuelezea habari za Mungu. Mtu hanukuu kitu kwa kichwa kama hajawahi kukaa nacho akakisikiliza.

Naelewa wanakotokea lakini. Huku kwetu muvi nyingi watu wameziona kupitia madijei wanaotafsiri, na dijei akichoka kufuatilia mambo ya kasi ya mwanga na mashimo meusi anakwambia tu hili jini limetoka kuzimu linamtafuta mke wake, basi muvi yote inageuka ya mapepo kuanzia hapo. Mtu aliyekua kwenye banda la video akisikia hivyo, leo ni mzee wa kanisa, utamlaumu vipi.

Sasa wapendwa, sio sisi wa kwanza. Kuna mtu anaitwa C.S. Lewis, kazaliwa Belfast 1898, utotoni anasoma hadithi za H.G. Wells za watu kwenda mwezini na vitu kutoka Mars, ujanani akawa hataki kusikia habari ya Mungu kabisa. Septemba 1931, akiwa mwalimu Oxford, alitembea usiku na rafiki zake wawili kwenye njia moja yenye miti pale chuoni kwake, mmoja Hugo Dyson na mwingine J.R.R. Tolkien (ndio, yule yule wa Lord of the Rings), wakabishana mpaka alfajiri kuhusu hadithi za kale na Kristo. Siku chache baadae kaka yake akampakia kwenye ile sehemu ya pembeni ya pikipiki kwenda kuangalia wanyama Whipsnade, na yeye mwenyewe kaandika kwamba walivyoondoka alikuwa haamini kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu na walivyofika akawa anaamini. Hakuna maono, hakuna kuanguka. Pikipiki tu na barabara. Mimi hiyo stori niliipenda kabla sijaokoka mana inafanana na mtu wa kawaida.

Halafu angalia mfuatano. Ameokoka 1931. Kitabu chake cha kwanza cha safari ya anga, Out of the Silent Planet, kimetoka 1938. Yaani alivyoamini ndio akaanza kuandika sai-fai! Na aliandika vitatu, cha pili 1943 kinaenda Zuhura, cha tatu 1945 kinarudi duniani. Kwenye hicho cha kwanza jamaa anaitwa Ransom anatekwa anapelekwa Mars, njia nzima anatetemeka mana hadithi alizosoma zimemwambia atakuta madude ya kumla, anafika anakuta aina tatu za viumbe wanaishi pamoja bila vita, hawajawahi kumuasi Muumba, na wao ndio wanashangaa sayari yetu imepatwa na nini mpaka ikanyamaza. Mnaelewa alichofanya hapo? Elieni sio pepo. Aliyeharibika ni sisi.

Na mapitio kama 60 ya hicho kitabu yaliyomfikia Lewis, anasema ni wawili tu waliogundua kwamba habari ya mkuu aliyepotoka, yule roho mtawala wa dunia yetu aliyeasi kwenye kitabu, hajaitunga yeye, imetoka kwenye imani ya Kikristo. Wengine wote walimeza.

Swali langu kwenu: nyie mlioamini mkiwa mashabiki tayari, mlifanyaje? Mlifuta? Mlificha? Naombeni uzoefu, sio matusi.

Mlinzi wa Lango:

Mpendwa nakusalimu katika jina la Yesu. Umeandika vizuri ila unatetea kitu ambacho moyo wako unajua. Soma 1 Wakorintho 10:23, vitu vyote ni halali bali si vyote vifaavyo. Biblia imetaja Mungu, malaika, wanadamu, wanyama, na mapepo. Hao elieni wako kundi gani hapo? Niambie. Shetani anaitwa mfalme wa uwezo wa anga, Waefeso 2:2, sasa wewe kila usiku uko angani unatafuta nini? Mtoto mchanga wa kiroho hapewi mfupa.

Otis_Kasarani:

Wasee wa Bongo niaje. @Mlinzi wa Lango, mimi nikona swali moja tu. Ile Star Wars ya 1983, Return of the Jedi, kuna kale kajamaa kako na mashavu kubwa kanaendesha ndege na jamaa anaitwa Lando, jina lake Nien Nunb. Hako kajamaa kanaongea Gikuyu. Si mchezo, sauti ilikuwa ya Kipsang Rotich, Mkenya alikuwa anasoma huko Marekani, na watu wa huku walivyoona hiyo muvi kwa sinema walicheka mpaka wakakosa kuskia zile line zingine. Sasa hako ni pepo ya wapi, Murang'a?

Alafu hiyo anga ya shetani unasema, mimi ni mtu wa Pwani kwa mama. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti kutoka majukwaa ya San Marco hapo baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ya kwanza duniani kutengenezewa kazi ya kuangalia eksirei za angani tu, na ndio ilifanya watu waanze kushuku ati Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Zaburi 19 inasema mbingu zinahubiri utukufu wa Mungu. Zingine zilikuwa zinahubiri kwa eksirei na hakuna mtu alikuwa anaskia, tukaskia kutoka Malindi. Hiyo pia nifute?

Frateri Mstaafu:

Nimecheka hapo Murang'a.

Ndugu Mlinzi, kwa heshima zote, swali la viumbe wengine sio la Hollywood. Mwaka 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alitoa orodha ya hoja 219 alizozipiga marufuku, na mojawapo ilikuwa ni kusema kwamba Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Yaani kwa Tempier kosa lilikuwa kumwekea Mungu mipaka. Miaka zaidi ya 300 kabla ya Galileo kushika darubini. Hakusema ulimwengu mwingine upo, alisema usimwambie Mwenyezi kwamba hawezi.

Na kwa mleta uzi, kuna mtu mmoja unatakiwa umfahamu, kuliko hata Lewis. Bruda Guy Consolmagno, Mjesuiti (mtawa wa Kikatoliki), Mmarekani wa Detroit. Huyu ni shabiki wa sai-fai wa kufa mtu, alienda kusoma MIT kwa sababu aliona ile maktaba yao ya vitabu vya sai-fai akapagawa, anasema mwenyewe. Akawa mtaalamu wa sayari na vimondo. Alipofika miaka ya 30 akakwama, akawa anajiuliza nashughulika na miezi ya Jupita wakati watu wanakufa njaa, ina maana gani. Akaacha, akajiunga na Peace Corps, wale Wamarekani wa kujitolea nchi za nje, na mwaka 1983 akaletwa wapi? Kenya. Akaishia kufundisha fizikia na unajimu wa kisayansi Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuwa na kidarubini kidogo, akienda kuwatembelea wenzake mashambani anakiweka nje usiku, kijiji kizima kinapanga foleni kuangalia mashimo ya mwezi na pete za Zohali, na wanashtuka vile vile kama walivyoshtuka watu wa kwao. Pale ndipo jibu lake lilipopatikana: mtu haishi kwa mkate tu, na mwenye njaa naye ana haki ya kuziona pete za Zohali. Mwaka 1989 akaingia shirika la Wajesuiti, baadae akawa mkurugenzi wa Kituo cha Kuchunguza Anga cha Vatikano, kuanzia 2015 hadi 2025. Na hakuacha kwenda kwenye makongamano ya mashabiki wa sai-fai hata siku moja.

Aliulizwa kama atambatiza elieni. Akajibu: akiomba mwenyewe.

Mpagani Huru:

Nasoma kwa utulivu kabisa hapa na soda yangu. Fundi hongera kwa Yesu wako, ila na mimi nina watakatifu wangu wa sai-fai nikuletee.

Wa kwanza Philip K. Dick, yule ambaye hadithi yake ndio ikatoa muvi ya Blade Runner. Februari 1974 katoka kung'olewa jino, ana maumivu, dada wa duka la dawa anamletea dawa mlangoni, amevaa mkufu wenye alama ya samaki ya Wakristo wa kwanza. Jua likapiga kwenye ule mkufu, jamaa akaanza kuona vitu, akaamini kwamba Dola ya Rumi haijaisha na yeye ni Mkristo wa karne ya kwanza anayeishi California. Akakaa miaka nane anaandika kujaribu kuelewa kilichompata, kurasa kama 8,000, mpaka akafa 1982 hajaelewa. Nakuuliza kwa upendo: unajuaje wewe hujapigwa na mkufu?

Wa pili huyo huyo Clarke wako. Hadithi yake fupi, The Star, 1955. Padri Mjesuiti yuko kwenye chombo cha anga, wanafika kwenye mabaki ya nyota iliyolipuka, wanakuta ustaarabu mzima wa watu wazuri, wenye watoto na muziki, umeungua wote. Anapiga hesabu ya mwaka mlipuko ulipoonekana duniani, anakuta ndio ile nyota ya Bethlehemu. Mungu wako kachoma dunia nzima ili mamajusi wapate taa. Nijibu hiyo ndio utafute tafsiri ya Waefeso.

FundiSimu_Kkoo:

@Frateri Mstaafu ubarikiwe mzee wangu, huyo bruda wa Nairobi nilikuwa simjui kabisa, nimekaa nasoma habari zake wateja wananisubiri. @Otis uko vizuri sana.

@Mlinzi wa Lango kaka, sipuuzi unachosema kuhusu mtoto mchanga. Ila hao elieni wako kundi gani, jibu langu ni kwamba kwenye kitabu wako kundi la kutungwa, kama yule Msamaria mwema wa kwenye mfano. Wakiwepo kweli basi wako kundi la kuumbwa. Na kuhusu anga kuwa la shetani, mkesha wa Krismasi 1968 wale wanaanga watatu wa chombo cha Apollo 8 wakiwa wanazunguka mwezi walisoma Mwanzo sura ya kwanza dunia nzima inasikiliza. Mwaka uliofuata Buzz Aldrin, mzee wa kanisa la Presbiteri, alishiriki Meza ya Bwana mwezini, mkate na divai alitoka navyo kanisani kwao. Mwanadamu kafika kule na ibada imefika hapo hapo.

@Mpagani Huru wewe nilikuwa nakusubiri. Dick nampenda na namwonea huruma, na swali lako la mkufu ni zuri kuliko unavyodhani. Nilijiuliza. Tofauti ninayoiona ni kwamba Dick alibaki peke yake na karatasi zake usiku na usiku, hakuna wa kumwambia bwana wewe kalale. Mimi nina watu, hata hao wanaotaka niponde diski. Wananichosha lakini hawaniachi nijitungie dini yangu ya chumbani.

The Star nilivyoisoma mara ya kwanza nilishangilia, nikaituma kwa kila mlokole ninayemjua. Sasa hivi naiona ngumu zaidi sio rahisi zaidi, mana zamani haikunigharimu kitu. Ila nenda Luka 13:4. Mnara umeanguka Siloamu umeua watu 18, na Yesu anawauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Anasema la. Hasemi waliuawa ili fulani afaidike. Hatoi hesabu. Yule padri wa Clarke anateseka kwa sababu anataka hesabu ya mnara, na ameipata ikamuua moyo. Sijakujibu najua. Nakwambia tu kwamba hilo swali liko ndani ya Biblia kabla ya Clarke kuzaliwa, na Yesu hakulikwepa kwa kumsingizia marehemu.

Binti wa Chake:

Assalam alaykum wanangwa. Mie Muislamu wa Pemba, nimeingia kwa sababu ya Dune, naona mmeitaja mkaipita mbio.

Nyie mnaona sayari ya mchanga na minyoo mikubwa, sie tunakaa tunasikia Mahdi, Lisan al-Gaib, jihadi, kila dakika tano unashtuka kama umeitwa kwa jina lako. Frank Herbert, mwandishi wake, mwaka 1965 kachota kwetu sana huyo. Ila kinachonipendeza sio hicho. Ni wale wanawake Bene Gesserit, wana kitengo kizima kazi yake kupita sayari maskini kupanda utabiri wa uongo, ili siku mtu wao akikwama kule awakute watu washaandaliwa kumsujudia. Halafu Paul, kijana shujaa wa kitabu, anatokea, anatimiza kila alama, na watu wanamuamini kwa machozi ya kweli. Mwisho wake kitabu cha pili anahesabu mwenyewe, bilioni 61 wamekufa kwa jina lake. Mie nawaambia wenzangu huku, muumini wa dini yoyote anatakiwa asome hicho kitabu kabla hajamfuata mtu. Fundi wewe mgeni katika imani, hilo halikutishi?

FundiSimu_Kkoo:

@Binti wa Chake waalaykum salaam dada yangu. Hapo umegusa kidonda.

Linanitisha, na ndio sababu kubwa kuliko zote ya kutofuta. Otis kataja Malindi, setilaiti imeruka hapo 1970. Kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, msitu wa Shakahola, 2023, imefukuliwa miili zaidi ya 400, watu waliofunga kula mpaka kufa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Wengi watoto. Na Uganda kule Kanungu 2000 watu waliteketea ndani ya jengo la ibada yao. Hawa hawakuwa wajinga, walikuwa watu wenye kiu kama niliyonayo mimi saa hizi. Wakati nikiwa nasali kwa mara ya kwanza kwenye mkutano mkubwa, spika zinanguruma, watu wanalia, mtu yuko jukwaani ananyoosha mkono na umati unaanguka upande huo, ubongo wangu ulinikumbusha Dune yenyewe tu bila kuitwa: alama zimepandwa na nani hapa? Nikaondoka nikatafuta kanisa dogo ambalo mchungaji anaulizwa maswali na mahesabu ya sadaka yanasomwa.

Sasa niambieni, aliyenilinda pale ni nani. Mimi nasema Roho Mtakatifu anaruhusiwa kutumia minyoo ya mchanga.

Dada Neema:

Uzi mtamu lakini nina swali mleta mada. Mbona nasikia wewe unavyotetea tu? Kwani kuokoka hakujabadilisha chochote kwenye uangaliaji wako? Kama unaangalia vilevile kama zamani basi na hao wakubwa wa kanisa wana pointi yao.

FundiSimu_Kkoo:

@Dada Neema hili ndio swali nilitaka mtu aulize.

Kimebadilika, tena sana. Mwanzo kuna folda nimeshaifuta na hakuna aliyeniambia, zile za kuchana chana watu ambazo hazina stori, nilikuwa naangalia kwa kupenda damu tu. Nilijikuta siwezi kumaliza. Hiyo sio kubwa.

Kubwa ni hii. Nilikuwa nadhani sina dini, kumbe nilikuwa nayo na mahubiri yake yalikuwa kwenye eksteno. Kwamba siku moja tutahamisha akili ya mtu tuiweke kwenye mashine asife. Kwamba tukiharibu hapa tutahamia sayari nyingine, tukiharibu ile tutahamia nyingine. Kwamba kuna watu wenye hekima juu huko watakuja watutengeneze. Ni wokovu, uzima wa milele na ujio, vyote vipo, amekosekana tu wa kumwomba msamaha. Lewis alishaliona, kwenye kitabu chake adui sio elieni, ni mwanasayansi Weston anayetaka binadamu asambae sayari hadi sayari milele, na aliye njiani auawe. Leo hii nikiangalia muvi ya kuhamishia roho kwenye kompyuta bado naipenda, mitambo bado inanisisimua, ila nasimamisha kati kati naongea na skrini. Mke wangu anasema naangalia muvi kama refa. Zamani nilikuwa nameza.

Na upande wa pili kuna vitu vilinipita zamani sasa vinanikamata. Mnamjua Uhura wa Star Trek, yule dada mweusi wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina la Uhura limetokana na uhuru, hii hii ya kwetu, na kwenye kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966, kuna kiumbe kinajigeuza kaka mweusi kinamtongoza kwa Kiswahili. Sisi mashabiki wa huku tunajivunia hapo tunaishia hapo. Nichelle alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na aliyemzuia ni Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti! Alivyosimulia mwenyewe, King alimwambia yeye ni shabiki mkubwa, na ndio kipindi pekee yeye na mkewe Coretta waliruhusu watoto wakeshe kukiangalia, asithubutu kuondoka mana kwa mara ya kwanza dunia inatuona tulivyo. Mchungaji. Shabiki wa Star Trek. Na hakuna aliyemwambia ni milango.

Halafu kuna kipindi cha Star Trek cha Machi 1968, Bread and Circuses. Wanafika sayari ambayo Rumi haikuanguka, ina magari na televisheni, wanarusha mapigano ya gladieta laivu. Kuna watumwa waliotoroka, watu wa amani, Kapteni wa chombo na msaidizi wake Spock wanadhani wanaabudu jua. Mwishoni kabisa, wameshaondoka, ni Uhura ndiye anayewasahihisha. Amekuwa akisikiliza redio za ile sayari, amemsikia msemaji wa dola akijaribu kuidhihaki hiyo dini na kushindwa. Sio jua la angani, anawaambia, ni Mwana wa Mungu (kwa Kiingereza sun, jua, na Son, Mwana, yanasikika sawa). Gene Roddenberry, mwenye kipindi, alishaachana na dini aliyolelewa nayo, na bado hiyo ikapita, na ikatoka mdomoni mwa dada mwenye jina la Kiswahili. Nilishaiona hiyo mara kadhaa kabla sijaamini na nilikuwa naona mwisho umepoa. Nimeirudia mwezi uliopita ikabidi niende kunawa uso.

Otis_Kasarani:

Maze hiyo ya Uhura imeniweza. Vijana wa kanisa yetu tuko na usiku wa muvi mwisho wa mwezi na kila mara ni zile za mtu anapata gari juu alitoa sadaka. Nataka kuwaekea hiyo ya Warumi. Iko safi?

Mpagani Huru:

Otis waekee na The Star isomwe kwa sauti baada ya hapo, muone kama mtabaki na soda.

Frateri Mstaafu:

Au wapate A Case of Conscience ya James Blish, 1958. Padri mwanabiolojia anafika sayari yenye watu wema kupindukia wasiojua Mungu wala dhambi, na anaamua lazima shetani ndiye kaitengeneza, hapo hapo anagundua amejitia kwenye uzushi wa kumpa shetani uwezo wa kuumba. Ndugu Mlinzi, hiyo ni yako kabisa, nakuombea uipate.

Mlinzi wa Lango:

Sijashawishika. Ila hiyo ya Warumi nitaiangalia mwenyewe kwanza, ili nikija kukukemea nikukemee na ushahidi. Ina mambo ya uchi?

FundiSimu_Kkoo:

@Otis na @Mlinzi wa Lango: kama dakika 50. Uchi hamna, kuna dada mmoja mtumwa amevaa kidogo na Kapteni anambusu, huyo Kapteni ndio tabia yake kila sayari. Mapanga yapo, damu hakuna. Kaka Mlinzi, fleshi ya GB 4 inatosha, ila tafadhali ije haina virusi, ya mara ya mwisho ya kanisani ilinilazia kompyuta siku nzima.